Mchagua Msumeno

Wanasema mchagua jembe si mkulima.
Aliyesema hivyo hakuwahi kuamka Võru
mwezi wa Februari, kipimajoto dirishani
kikisoma ishirini na sita chini ya sifuri,
na ghalani kuni zimebaki za siku tisa.

Mimi nachagua.

Dukani kwa Taivo misumeno imetundikwa ukutani,
ndimi nje, kama mbwa waliochoka:
ya rangi ya chungwa, miwili myekundu, na mmoja wa kijani
ambao vumbi limeshauzoea.
"Huu utakufaa, Leida." Anashusha mdogo,
mwepesi, plastiki tupu,
ananikabidhi kama mtu anayempa mtoto kijiko.
Wa matawi ya bustani, anasema. Wa wikendi.

Taivo, mimi sina wikendi.
Nina mibetula iliyoangushwa na dhoruba ya Oktoba,
thelathini na miwili, nimeihesabu,
magome meupe yakichungulia thelujini
kama miguu iliyotoka nje ya shuka.
Nina tanuri la matofali nililoachiwa na mama mkwe,
linakula mita kumi na nne za ujazo kila baridi
wala halisemi asante.
Nipe wa wakata miti.

Kilo tano na nusu, tangi likiwa tupu.
Naupima kiunoni, si kifuani,
maana kifua hudanganya dukani kisha kikakukana msituni.
Nauliza yasiyoulizwa na wanunuao kwa macho:
mnyororo unapata mafuta hata ukilala ubavu?
Breki inakamata kabla mkono haujajua?
Chujio la hewa litafunguka kwa vidole vyenye ganzi,
au mpaka nitafute bisibisi kwenye theluji?
Na mtetemo —

hapo nanyamaza kidogo.

Mtetemo ndio uliomla Heldur.
Miaka thelathini na minne msituni,
na msumeno wa zamani usiokuwa na springi hata moja.
Kwanza vidole vikawa vyeupe kama mishumaa,
kisha sarafu zikaanza kumponyoka,
kisha vifungo vya shati.
Sasa yuko nje, garini, kofia imeshuka hadi nyusi.
Amesema atabaki aote joto.
Gari limezimwa.

Nyuma ya duka Taivo anawasha mitatu, mmoja baada ya mwingine.
Wa kwanza unakohoa, unakohoa, unakubali.
Wa pili unashika kwa mvuto wa pili,
sauti nene, haina haraka.
Wa tatu ndio ghali kuliko yote, na mipini yake
hupata moto yenyewe. Nimevua glavu nikaushika.
Nakiri: nilisimama pale zaidi ya haja,
kama mtu aliyeshikwa mkono
na asingependa kuachiwa.

Nikageuka. Kioo cha gari kilikuwa kimeshuka
upana wa kidole.

Nikaenda. "Umesikia?"
"Nisikie nini?" Macho mbele, kwenye ukuta wa duka.
Halafu, kwa kioo, si kwangu:
"Wa pili. Ule wa mwisho unapumua juu juu,
watakuwa wameifunga kabureta vibaya.
Utakunywa petroli kama bwana harusi."

Nikalipa wa pili. Mipini yake ni baridi kama mipini.
Taivo akapunguza euro kumi, akaongeza mnyororo wa akiba,
labda kwa huruma. Nikachukua vyote.
Siku tisa si muda wa kuringa.

Njiani boksi lilikaa mapajani mwa Heldur.
Hakuomba. Alilifungua kwa meno,
akapitisha kidole gumba kwenye mnyororo,
jino kwa jino, polepole,
mpaka tukapita kinu, tukapita daraja.
"Upande wa kushoto wamenoa ovyo," akasema.
"Kesho nitakuonyesha tupa inavyoshikwa."

Najua tupa inavyoshikwa.
Misumeno yake nimeinoa mimi
majira sita yaliyopita, usiku, yeye akilala,
nikiirudisha msumarini kama ilivyokuwa.

"Nionyeshe," nikasema,
nikabadilisha gia kwa ajili ya mlima.